Mlevi Tunamwona, Anayevuna Ulevi Yuko Wapi?

(Haya ni maelezo kamili ya mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya wanachama na vijana wa tawi moja la Chama jijini Dar es Salaam.)



Mmenitaka niseme nanyi juu ya ulevi na dawa za kulevya. Jambo hili limekwisha kusemwa mara nyingi, na aghalabu husemwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni njia ya mahubiri: mlevi huambiwa kwamba amepotea, kwamba anamwudhi Mungu na kuwaaibisha wazazi wake. Ya pili ni njia ya rungu: mlevi hukamatwa, huwekwa ndani, hutozwa faini, kisha hutoka na kiu ile ile aliyoingia nayo. Sizibezi njia hizo. Dini ina kazi yake na polisi wana kazi yao. Lakini zote mbili humtazama mtu mmoja tu, yule aliyelala mtaroni. Leo nataka tumtazame na yule ambaye halali mtaroni kamwe. Nataka tuulize swali ambalo chama cha wakulima na wafanyakazi hakina budi kuliuliza kila kinapoona dhiki: dhiki hii inamnufaisha nani?

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2024 kwamba mnamo mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani, na matumizi ya dawa za kulevya yaliua watu 600,000. Watu wengi hudhani kwamba unga ndio unaoua na kwamba pombe ni burudani tu. Hesabu inatwambia vingine. Pombe huua kwa ini na kwa moyo, huua kwa saratani, huua barabarani na huua kwa kisu cha ugomvi. Huua polepole na mahali pengi, na ndiyo maana msiba wake haupigiwi mbiu.

Pombe ya shughuli na pombe ya soko

Wako watakaosema kwamba pombe ni mila yetu. Ni kweli. Wachaga walipika mbege kwa ndizi na ulezi. Wahehe na Wabena waligema ulanzi kutoka kwenye mianzi. Wahaya walikuwa na rubisi yao. Na pwani mnazi uligemwa tembo. Lakini natutazame pombe hizo zilitawaliwa na nini. Mbege haipikwi kwa saa moja. Ndizi huivishwa, huchemshwa na kuachwa. Ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Siku nyingi hupita kabla ya kata ya kwanza kutekwa. Ulanzi hupatikana kwa wingi wakati wa mvua, mianzi michanga inapochipua. Pombe ilikuwa na msimu wake, ilikuwa na shughuli yake, na ilikuwa na wazee walioketi kuisimamia.

Sisemi kwamba babu zetu hawakulewa. Walilewa, na methali walizotuachia za kuwasuta walevi zinathibitisha hivyo. Ninachosema ni kwamba hapakuwapo mtu aliyeamka kila asubuhi huku riziki yake ikitegemea kwamba wenzake walewe leo kuliko walivyolewa jana. Mtu huyo aliletwa na uchumi wa fedha, na ukoloni ukampa leseni.

Mwaka 1908, katika koloni la Natal huko Afrika Kusini, ilipitishwa sheria iliyoziruhusu halmashauri za miji kuhodhi upikaji na uuzaji wa pombe ya Waafrika. Mji wa Durban ukafungua vilabu vyake. Mwafrika alikatazwa kupika pombe nyumbani kwake, akaelekezwa kuinunua kwa halmashauri, na faida iliyopatikana ikatumiwa kuendesha idara iliyomtawala. Yaani Mwafrika alilipia kwa koo lake mwenyewe gharama za kutawaliwa kwake. Watawala waliusifu sana mpango huo, na Nairobi ikauiga katika miaka ya 1920.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa China. Uingereza ilikuwa ikinunua chai nyingi ya China, lakini haikuwa na bidhaa ambayo Wachina waliitaka kwa wingi huo huo. Ikaipata bidhaa hiyo katika afyuni iliyolimwa India. Mwaka 1839 Serikali ya China iliikamata afyuni hiyo na kuiteketeza. Uingereza ikapeleka manowari. Vita vikaisha mwaka 1842 kwa mkataba ulioilazimisha China iitoe Hong Kong na kulipa fidia, ikiwamo fidia ya ile sumu iliyoteketezwa. Taifa zima lilipigwa kwa kosa la kukataa kuleweshwa.

Wazee wetu wa pwani waliijua afyuni, nao waliiita kasumba. Leo neno hilo hilo tunalitumia kwa fikra za kitumwa zilizobaki kichwani baada ya mkoloni kuondoka. Lugha yetu haikukosea. Kasumba ya bombani na kasumba ya kichwani zina kazi moja, nayo ni kumfanya mtu aridhike na hali ambayo, kama angekuwa macho, angeipinga.

Kwa sababu hiyo, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipozungumza juu ya maendeleo halikuishia kwenye viwanda na mashamba. Lilizitaja pia nguvu za wanaume wa vijijini zilizokuwa zikipotea katika masengenyo, ngoma na pombe, na likazihesabu kuwa hazina ya Taifa. Tulizoee neno hilo, hazina. Saa ya kazi iliyopotelea kilabuni ni mali iliyochukuliwa. Na mali ikichukuliwa, hapana budi iko mfukoni mwa mtu.

Gongo na watoto wake

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1966 Tanzania ilitunga sheria ya pombe ya moshi, ile tunayoiita gongo, iliyokataza mtu yeyote kuitengeneza bila leseni. Tangu wakati huo mitambo imevunjwa, mapipa yametobolewa, na gongo bado iko. Kwa nini?

Kwanza, kwa sababu gongo ni rahisi. Togwa lililochacha huchemshwa pipani, mvuke wake hupitishwa katika bomba lililopozwa kwa maji, na kinachodondoka upande wa pili ni kinywaji kikali kisichopimwa na mtu yeyote. Pili, kwa sababu mnywaji ana fedha kidogo na huzuni nyingi. Tatu, na hili ndilo nitakalo mlishike, kwa sababu katika mnyororo wa gongo kila mtu hupata chake ila mnywaji na familia yake.

Pale faida inapotaka kukua haraka, huingia hatari nyingine. Jirani zetu wa Kenya wameionja. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya wafanyakazi ya Nairobi. Mwaka 2005 huko Machakos walikufa watu wapatao 50. Mwezi wa Mei mwaka 2014 walikufa zaidi ya 70 katika kaunti kadhaa. Katika misiba hiyo yote pombe ilitiwa methanoli, yaani spiriti ya viwandani inayotumiwa kutengenezea rangi na gundi. Methanoli haitofautiani na pombe ya kawaida kwa macho wala kwa ulimi. Mtu hunywa, hulewa, hulala. Saa nyingi baadaye, ini linapokuwa limeigeuza kuwa asidi, huanza kuona ukungu. Mishipa ya macho huharibika, pumzi huwa nzito, na asipowahi hospitali hupofuka au hufa. Hao hawakuuawa na kiu yao peke yake. Waliuawa na mtu aliyepiga hesabu akaona kwamba methanoli ni rahisi kuliko sukari.

Hapa nchini tuliona jambo la namna nyingine lakini la ukoo huo huo. Pombe kali ilitiwa katika vifuko vidogo vya plastiki, viroba, ikauzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi angeimudu na kwa kipimo kinachofichika katika soksi. Sheria ya nchi ilimkataza mtoto kununua pombe, lakini kifuko kilitengenezwa kana kwamba kimekatwa kwa kipimo cha mfuko wa mtoto. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilivipiga marufuku, ingawa vilikuwa na kodi ndani yake. Uamuzi ule una somo. Haukumfuata mnywaji, ulifuata kiwanda na duka. Hakuna mlevi aliyehitaji kuchapwa viboko ili kiroba kiondoke.

Najua mmoja wenu ataniuliza: je, mama apikaye gongo uani ili apate sare na madaftari ya wanawe, naye ni mnyonyaji? Swali hili ni la haki, na tusilikimbie. Mama huyo anawadhuru wenzake, na wake wa wateja wake wanalijua hilo kuliko sisi. Lakini tumwekee mizani iliyo sawa. Faida yake ni ya kula siku hiyo na siku inayofuata. Anakopa sukari guru kwa tajiri mwenye duka, ambaye hapati kashfa yoyote. Kila juma hupitiwa na mwenye dhamana fulani anayedai chake ili asione pipa. Siku ya msako ikifika, tajiri yuko dukani, mwenye dhamana yuko katika kundi la wasakaji, na anayepanda gari ni mama. Kesho yake jirani anawasha moto chini ya pipa lile lile, kwa sababu sare za shule bado zinahitajika. Sheria inayoishia kwa mama huyo imelima jani na kuacha mzizi.

Unga

Ndugu Mwenyekiti, mnyororo huo mkiurefusha uvuke bahari, mtaupata ule wa unga.

Heroini haioti Temeke wala Tanga. Kwa miaka mingi imetoka Afghanistan, ikashuka hadi pwani ya Iran na Pakistan, ikapakiwa katika majahazi na kuvuka Bahari ya Hindi hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 manowari ya Australia ilikamata nje ya Mombasa jahazi lenye kilo 1,032 za heroini, zimefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Hapa kwetu, mwezi wa Desemba mwaka 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kwamba imekamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika Dar es Salaam na Iringa. Fikirini kilo hizo. Kete moja ambayo kijana hununua kijiweni haifiki hata gramu. Je, teja anayeomba shilingi mia tano kituo cha basi anaweza kukodi jahazi? Anaweza kuhifadhi tani tatu? Biashara hii ina wenye majumba, wenye magari na wenye marafiki.

Na teja mwenyewe ni nani? Ni kijana ambaye mwanzoni alionjeshwa, mara nyingi bure. Heroini humpa raha ya muda mfupi, kisha mwili huizoea na kudai zaidi. Baada ya saa chache huanza arosto: mifupa huuma, tumbo huendesha, jasho baridi humtoka, usingizi humkimbia. Kuanzia hapo hatafuti raha tena. Anatafuta kupona kwa saa chache. Hiyo ndiyo sababu ya vyuma vya mitaro kung'olewa na nguo za jirani kutoweka kwenye kamba. Wale wanaojidunga kwa sindano moja wanagawana UKIMWI na homa ya ini. Mfanyabiashara amejipatia mteja ambaye hawezi kususia duka. Hakuna kupe aliyenyonya vizuri kuliko huyo.

Nchi yetu haikulala. Ilikuwako sheria ya mwaka 1995, na sasa iko sheria kali zaidi ya mwaka 2015, ambayo adhabu yake kwa wafanyabiashara wakubwa hufika kifungo cha maisha. Lakini hatua ninayotaka muijue vizuri zaidi ni ile ya mwezi Februari mwaka 2011, Hospitali ya Muhimbili ilipoanza kuwapa waathirika dawa ya methadoni. Baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine, na Zanzibar nako ikaanzishwa. Mgonjwa hufika kliniki kila siku, hunywa kipimo chake mbele ya mhudumu, na kwa siku nzima arosto haimjii. Halewi, haibi, anaweza kufanya kazi. Wako watu waliobeza wakisema Serikali inawapa mateja unga mwingine. Watu hao hawajamwona kijana aliyerudi nyumbani kula na mama yake sahani moja. Katika kliniki ile teja alihesabiwa kuwa mgonjwa, na tangu hapo ikawa rahisi zaidi kumwona mhalifu wa kweli.

Sisi wenyewe

Ndugu wanachama, ingekuwa rahisi nikimaliza hapo, kwa kuwalaani matajiri wa mbali. Lakini Mwongozo wa mwaka 1971 ulitufundisha kwamba uongozi hukosolewa, na chama kisichojikosoa hakina haki ya kukosoa wengine.

Mnakumbuka neno takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, ati kwa ukarimu wa kimila. Mwezi wa Aprili mwaka 2006 Mahakama Kuu iliutangua ukarimu huo kwa kuwa ni kinyume cha Katiba. Sheria ilikwisha, je, na kreti zimekwisha? Kila mmoja hapa anajua wakati wa kura za maoni hali huwaje katika vilabu vya mtaa wake. Mgombea anayenunua kura kwa pombe anafanya kazi ile ile ya halmashauri ya Durban: anamlewesha mtu ili amtawale. Naye mpiga kura aliyelewa Jumamosi huamka Jumapili hana bia wala diwani, kwa maana diwani wake amekwisha kulipa deni lake lote kwa chupa tatu.

Kadhalika, tuulizane juu ya kilabu kilichofunguliwa kando ya ukuta wa shule, na juu ya baa inayojaa saa nne asubuhi siku ya kazi. Nani alitia sahihi? Nani alijua akanyamaza? Serikali ya mtaa ina mwenyekiti, mwenyekiti ana wajumbe, na wengi wa wajumbe hao wana kadi ya Chama mfukoni.

Wala tusidanganyane kwa upande wa fedha za mwananchi. Tuchukue mfano wa kibarua anayetumia shilingi 3,000 kwa siku kilabuni, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni shilingi 900,000. Kila mmoja apime mwenyewe ni mabati mangapi, ni mbuzi wangapi, ni ada ya ufundi ya mtoto wa nani. Kisha apime fedha hizo za watu hamsini wa mtaa mmoja, na aulize zimejenga nyumba gani, na nyumba hiyo ni ya nani. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Huku kwetu mchuma faida hula peke yake, na janga huliwa na jamaa za mteja.

Yatupasayo

Nini basi kitendeke? Sitaleta orodha ndefu, kwa kuwa maazimio mengi hufa kwa wingi wake.

La kwanza: tawi lisiwafiche wala kuwafukuza waathirika. Mwenye teja nyumbani asaidiwe kumfikisha kliniki, na asindikizwe na jirani, siyo na kejeli. Neno teja lenyewe tulitumie kwa haya, kwa sababu kila teja ana jina alilopewa na mama yake.

La pili: msako uanzie juu. Taarifa za mwenye ghala, mwenye jahazi na mwenye kinga zipelekwe kwa Mamlaka inayohusika, na mtoa taarifa alindwe na siri ya wale aliowaamini. Ikiwa mwenye kinga ni kiongozi wetu, basi jina lake lisomwe katika kikao kabla halijasomwa mahakamani.

La tatu: mama wa pipa apewe kazi nyingine kabla ya kupewa kesi nyingine. Mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake na vijana ipo kisheria. Kazi ya tawi ni kuhakikisha kwamba inamfikia yeye na haiishii kwa shemeji wa ofisa.

La nne: mgombea yeyote atakayeonekana amenunua pombe asipigiwe kura, hata kama ni rafiki yetu, hata kama ni wa kabila letu, hata kama bia yake tumekwisha kuinywa.

La mwisho ni kwenu vijana. Msinywe, na mkinywa msizoee. Hilo nawaachia wazazi na viongozi wenu wa dini, maana wao wamelisema vizuri kuliko mimi. Mimi naongeza jambo moja. Mtu akikupa kitu cha kukulevya bure, muulize anatafuta nini. Hakuna mfanyabiashara anayetoa bure asichotarajia kukirudisha mara mia. Uhuru wa nchi hii ulidaiwa na watu waliokuwa macho, na mtu aliyelala hauwezi kuulinda.

 Maswali nayakaribisha, na yale makali yawe ya kwanza.